Mwandishi Asimame

Niseme ukweli wangu mapema: sikurudi pale chuoni kufundisha. Nilirudi kulipiza. Kufundisha kulikuja njiani, kama mtu aliyetumwa chumvi akarudi na sukari pia. Na kama kuna anayesubiri niseme kwamba mwishoni nilisamehe, anisamehe yeye, akatafute hadithi nyingine.

Mtu niliyemrudia, wanafunzi walimwita Wembe. Daktari wa falsafa, mkuu wa idara, mfupi, msafi, shati limenyooshwa mpaka unaogopa kumsogelea. Alifundisha uandishi wa kitaaluma kwa mwaka wa kwanza, na alikuwa na mtindo wake. Kila mwaka, kazi za kwanza zikishakusanywa, alichagua aya ya mwanafunzi mmoja, akaitupa kwenye skrini ya ukumbi, akaisoma kwa sauti ya kuigiza huku darasa likicheka. Akimaliza anasema, "Mwandishi asimame tumwone." Na mwandishi anasimama. Wanafunzi wenyewe waliuita mtindo huo kunyolewa. Na walicheka kweli kweli, si kwa ubaya, ila kila mmoja aliona ameponea chupuchupu. Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Wao walikuwa wanatia maji kwa kucheka.

Mwaka wangu nilinyolewa mimi.

Aya yangu ilikuwa mbaya, sibishi. Nilikuwa nimetoka shule niliyofundishwa kwamba msomi ni mtu anayeunganisha mambo, basi nikaunganisha kila sentensi kwa "kwa hiyo". Mvua ilinyesha, kwa hiyo watu walichelewa, kwa hiyo soko lilifungwa, kwa hiyo uchumi. Wembe alifanya darasa zima liitikie. Yeye anasoma, akifika penye "kwa hiyo" ananyamaza, ukumbi unaitikia kwa sauti moja. Kisha akaniambia nisimame. Nikasimama. Nilikuwa nimevaa sketi ya mama yangu aliyoipunguza kiuno kwa mkono, na mpaka leo nikiiona rangi ile dukani naondoka.

Toka siku hiyo nilipoteza jina. Nikawa Kwahiyo. Kwahiyo, umekula? Kwahiyo, nishikie nafasi. Mpaka mpishi wa kantini, mtu ambaye hajawahi kuingia darasani kwetu, aliniita Kwahiyo huku ananipakulia.

Nilimfuata Wembe ofisini. Sikwenda kulia wala kulalamika. Nilikwenda na aya yangu mkononi nikamwomba kitu kimoja tu, anionyeshe. Basi iwe mbaya, lakini ni mbaya wapi, na nzuri ingekuwaje? Alikuwa anafuta miwani. Hakuinua kichwa.

"Kajifunze mwenyewe, binti," akasema. "Mimi si yaya."

Nikahama chuo. Watu walidhani nimeacha masomo kabisa, na mimi sikuwakosoa. Huko nilikohamia hakuna aliyenijua, na nilifanya alichosema: nilijifunza mwenyewe. Nilifanya hivyo kwa hasira, na hasira, wacha watu waiseme vibaya, ni mafuta mazuri ya taa. Nilichukua makala za watu wanaoandika vizuri nikazipaka rangi kwa penseli za watoto: hoja bluu, ushahidi nyekundu, maneno ya kupamba tu nikayapaka njano. Kisha nikapaka za kwangu. Mama yangu! Ukurasa mzima njano. Nikawa nanakili aya nzuri kwa mkono, naifunika, najaribu kuiandika upya kwa kichwa, nafunua, nalinganisha. Nikawa najisomea kwa sauti kwenye simu na kujisikiliza natembea barabarani, na pale nilipojionea aibu ndipo palipokuwa na kosa. Hakuna aliyenisimamia. Niliandika, nikajipima, nikafuta, nikaandika tena, mpaka siku moja msimamizi wangu wa tasnifu aliniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikamjibu: adui yangu.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikanenepa kidogo, nikabadili jina la mwisho, nikapata shahada zote wanazodai watu. Chuo kile kikatangaza nafasi ya mhadhiri. Wembe mwenyewe ndiye aliyenisaili, na hakunikumbuka hata chembe. Mkanyagaji hakumbuki miguu aliyoikanyaga. Alishika makala yangu akaisifu, akasema inaonekana ni ya mtu aliyefundishwa vizuri. Nikamwambia nilijifunza mwenyewe. Akacheka, alidhani namtania, akanipa kazi.

Kwa hiyo nikawa chini yake. Naam, nalitumia bado neno hilo, tena nalitumia ninapotaka.

Nilikaa kimya kama maji mtungini. Wanafunzi walikuwa wengi kuliko viti, wahadhiri tunahesabika, na chuo kikataka chombo cha kuwawezesha wanafunzi kujifunza kuandika bila kumsubiri mtu. Wembe alitaka sifa ya kazi hiyo lakini si kazi yenyewe. Nikapewa mimi. Na mimi nikachukua kila nilichojifunza kule nilikohamia, penseli, rekodi, kunakili na kufunua, nikakaa na fundi wa kompyuta wa chuo tukakitengeneza. Tukakiita Kioo, na wanafunzi wakaanza kukitumia kwa majaribio kabla ya uzinduzi.

Kioo hakikusahihishi. Unaingia kwa simu yako au kwa kompyuta za maktaba, unaweka aya yako, kinakuuliza. Hoja yako ni ipi? Gusa sentensi inayoibeba. Ushahidi uko wapi? Ni sentensi gani ukiifuta hakuna atakayeililia? Kisha kinakutaka usome kwa sauti ujisikilize. Halafu kinakupa aya za watu wengine zisizo na jina, uzipe alama wewe mwenyewe, moja mpaka tano. Na hapa ndipo nilipoweka roho yangu: alama huitoi hivi hivi. Lazima uguse sentensi iliyokufanya uitoe na useme kwa nini. Usipoonyesha, Kioo kinakataa. Ukishaonyesha, kinafunguka kitufe cha Fichua, unaona aya imetoka wapi na wenzako waliipa ngapi. Mwisho kabisa, ya kwako nayo inapimwa na wenzako wawili ambao hawajui wewe ni nani.

Aya za mfano zilitoka kwenye makala zilizochapishwa, zikiwemo za wahadhiri wetu wenyewe. Huo ulikuwa utaratibu uliopitishwa na idara, na Wembe aliutia saini akiwa anaongea na simu. Hakusoma. Wembe alikuwa hasomi kitu kabla. Vijana wa idara walimwandalia, yeye anakuja, anasema "niwekee", inawekwa, anaanza kunyoa. Akiambiwa hii nzuri anaisifu, akiambiwa hii mbovu anaichana. Na alichana vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Mdomo alikuwa nao.

Sasa aingie mtoto wa kaka yangu.

Nyumbani tunamwita Mkia, kwa sababu tangu anatambaa alikuwa nyuma yangu kila ninakokwenda. Baba yake, kaka yangu mkubwa, ni dereva wa lori, mtu wa safari ndefu, na mama yake alishafariki. Basi Mkia alikua kwangu, na mwaka ule akaanza chuo pale pale ninapofundisha. Nilimwomba asiseme tuna undugu, asije akabebeshwa chuki zangu. Wembe hakujua. Angejua vipi, mtu asiyesoma hata majina?

Siku moja Wembe aliingia ofisini kwangu, akaweka karatasi mezani. Akasema wiki ya uzinduzi wa Kioo, mbele ya mkuu wa chuo na wageni wa vyuo vingine, yeye ndiye atakayekionyesha, na aya ya mfano mbovu itakuwa hii. Nikaangalia. Ule mwandiko naujua. Niliushika mkono uliouandika tangu ulipokuwa unashika kalamu kama mchi.

Ilikuwa aya kuhusu msongamano madarasani. Mkia alikuwa ameandika: "Kwenye dawati letu tulikaa watatu, na aliyeandika vizuri ni wa katikati, kwa sababu wa pembeni mkono mmoja ulikuwa hewani. Mimi nilikuwa wa pembeni." Ilikuwa na makosa yake. Hoja ilikuja mwishoni, imechoka, na chanzo hakuna hata kimoja. Lakini nani mwingine katika darasa lile aliona kwamba mtoto wa pembeni mwa dawati hana mahali pa kuegemeza kiwiko? Ningempata mwanafunzi wa namna hiyo asiye ndugu yangu, ningemkalisha nikamwonyesha palipobaki.

Wembe alikuwa anacheka peke yake. "Mtafiti mwenye mkono hewani," akasema, na akaniambia ameshawadokeza darasani, kwamba mwenye mkono hewani ajiandae kusimama mbele ya wageni.

Niliporudi nyumbani nikakuta begi mlangoni. Mkia alikuwa amekaa kando yake, viatu miguuni. Alikuwa ameacha kuandika toka wiki iliyopita. Kioo hakukifungua tena, alikuwa anasema akifungua anasikia kicheko. Baba yake ameshamwambia kuna nafasi ya kuandika mizigo kwenye yadi ya malori, kama chuo kimemshinda. Nikamwambia akae kwanza, tusubiri.

"Shangazi," akasema, "ile aya ikiwekwa, mimi siku hiyo hiyo naondoka. Na sirudi."

Nilimwamini. Kuna watu wakisema hivyo wanataka kubembelezwa. Huyu alikuwa na uso niliowahi kuuona kwenye kioo cha bafu la wanafunzi, miaka ile, siku moja kabla sijahama. Na mimi nilibahatika, nilikuwa na hasira. Mkia hana hasira, ni mpole, na mpole akiondoka ameondoka.

Nilijaribu njia ya amani, Mungu shahidi. Nilikwenda kwa Wembe nikamwambia, Daktari, mtoto huyu ataacha masomo. Akajibu kwamba asiyeweza kuvumilia maneno akauze nyanya. Nikamwambia tuiweke bila kumsimamisha basi. Akasema kusimama ndiyo somo lenyewe, na wote aliowanyoa walikuja kumshukuru. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, ni nani aliyewahi kumshukuru.

Akafikiri. "Kulikuwa na mmoja, zamani sana," akasema. "Wa kwa hiyo, kwa hiyo. Nasikia siku hizi ni mtu mkubwa huko. Nilimnyoosha mimi yule."

Miaka yote ile ya penseli za rangi, ya kujisikiliza barabarani kama kichaa, ameichukua ameiweka mfukoni kwake, na bado hanitambui nimesimama mbele yake. Nikamwambia sawa, Daktari, nitakuwekea. Akasema asante, Mwalimu, na anategemea itakuwa ya ovyo kuliko zote. Nikamwahidi itakuwa ya ovyo kuliko zote.

Nikaenda kuitafuta. Haikunichukua muda. Wembe alikuwa ameandika makala chache, na ile iliyompa ukuu wa idara nilikuwa nayo siku nyingi kwenye kompyuta yangu. Nikachukua aya yake ya pili. Nikaipaka rangi kama ninavyompaka mwanafunzi yeyote, nisije nikaambiwa nimemwonea. Bluu hakuna. Nyekundu hakuna. Ilibaki njano tupu, shamba la alizeti. Nikaiingiza kwenye Kioo pamoja na zingine, nikakifunga kitufe chake cha Fichua mpaka siku ya uzinduzi. Wanafunzi wakaanza kuipima bila kujua ni ya nani. Hawakuwa na huruma, na kila mmoja alionyesha sentensi. Baada ya siku chache walishaipa jina. Walikuwa wanaiita Ikumbukwe.

Asubuhi ya uzinduzi nilimwambia Mkia aje, akae mstari wa mbele, pembeni yangu. Hakutaka. Nikamwambia alete na begi lake. Akiiona aya yake kwenye skrini, anishike mkono, tutatoka wote wawili na mimi sitarudi kazini. Akaniangalia kuona kama nina akili timamu, kisha akabeba begi.

Ukumbi ulijaa. Wanafunzi wamebanana mpaka madirishani, wageni mbele na mafaili yao, mkuu wa chuo katikati, mama mmoja mtaratibu asiyependa kupotezewa muda. Wembe akapanda jukwaani, shati jeupe, kipaza sauti mkononi. Akazungumza vizuri. Akasema zama za mwanafunzi kulishwa kijiko zimekwisha, sasa mwanafunzi ajitazame mwenyewe. Akapigiwa makofi. Akasema sasa atawaonyesha uandishi mbovu ulivyo, ili wageni waone tunakotoka. Akanigeukia.

"Mwalimu, niwekee."

Nikamwekea. Mkia akafumba macho, vidole vyake vikaniingia mkononi. Juu ya skrini ilisomeka MFANO MBOVU, na chini yake ile aya, bila jina.

Wembe akaitazama, kisha akanitupia jicho. Alijua siyo ile aliyoniagiza. Nikaitikia kwa kichwa, kama kumwambia hii ni mbovu zaidi. Hapo angeweza kusimama. Angeweza kusema ngojeni niisome kwanza. Lakini alikuwa hajawahi kusoma kwanza maisha yake yote, na wageni wanamngoja. Akavaa ile sauti yake ya kuigiza, nyembamba, ya kijinga.

"Ikumbukwe kwamba suala la elimu ni suala mtambuka, ambalo kimsingi linahitaji mtazamo mpana katika muktadha wa masuala mbalimbali yanayolihusu suala hilo."

Nyuma wanafunzi walishaanza kuvunjika mbavu. Walikuwa wanaijua. Mkia akafumbua macho, akasoma, akaniangalia, akasoma tena.

Wembe alipata moto. Kicheko kilikuwa kinamlewesha siku zote. Aliwauliza wageni kama wamewahi kuona suala lenye masuala yanayolihusu suala. Akasoma sentensi ya pili, "Aidha, ikumbukwe kwamba wadau mbalimbali wana mchango mkubwa katika nyanja mbalimbali," akauliza ni wadau gani, mchango gani, nyanja gani, akasema ukiikamua aya hii kwa mikono miwili hutoki na tone. Mgeni mmoja alikuwa anajifuta machozi. Wembe akashusha sauti, maana alijua pia pa kushusha.

"Huyu," akasema, "ni mtu ambaye hajui anachotaka kusema, na anaomba Mungu msomaji asigundue."

Makofi. Nakubali, hata mimi nilipiga. Sijawahi kusikia hukumu ya haki kama ile.

"Mwandishi asimame tumwone," akasema.

Hakuna aliyesimama. Akarudia. Watu wakageuka huku na huku kutafuta. Mkuu wa chuo akasema kwa upole kwamba anaona kitufe pale chini kimeandikwa Fichua, Daktari akibonyeze basi, wageni waone kinavyofanya kazi. Wembe akafurahi. Akakibonyeza mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe.

Likatokea jina lake. Lote, na udaktari wake mbele. Likatokea jina la makala na mwaka iliotoka. Chini yake wastani wa alama ambazo wanafunzi wake walimpa: moja na nusu.

Mwandishi alikuwa ameshasimama.

Kicheko hakikuja mara moja. Kwanza ukumbi mzima ulisoma. Wembe naye alikuwa anasoma, midomo inacheza, kwa mara ya kwanza nikamwona anasoma kitu mpaka mwisho. Kisha kule dirishani mtu mmoja akashindwa kujizuia, na hapo ukumbi ukapasuka. Wageni walijifunika na mafaili. Mkuu wa chuo alikuwa anaangalia meza. Nikanyanyuka, nikachukua kipaza sauti cha pili, maana mtu lazima aendeshe shughuli.

"Kwa hiyo, Daktari," nikasema taratibu, "tuendelee na sehemu ya pili, kwa hiyo wageni wetu wasichelewe, kwa hiyo karibu ukae."

Akaniangalia. Mara hii aliniona. Nilimwona anatoka kwenye uso wangu wa sasa, anarudi nyuma, anarudi nyuma, mpaka akakifikia kile kisichana kwenye sketi ya mama yake. Akakaa. Mimi nikaendelea na sehemu ya pili, na niliieleza vizuri sana, sikukosea neno.

Mkuu wa chuo aliniita kesho yake. Nikampelekea ule utaratibu na saini iliyo juu yake. Aliusoma wote, akauliza kama nilikuwa na sababu binafsi. Nikamjibu ninayo, na nikamweleza, kuanzia sketi. Akasema nisirudie, na akasema kuanzia siku hiyo hakuna mwanafunzi atakayesimamishwa ukumbini kwa sababu ya aya. Hakuniambia nimekosea.

Mkia alilifungua begi lake siku ile ile, akarudisha nguo kabatini, akakaa mezani na ile aya ya mkono hewani. Alipiga simu kwa baba yake, na kaka yangu alicheka mpaka ikabidi aegeshe lori. Na huko vibarazani Wembe akaacha kuwa Wembe. Ukimsikia mwanafunzi anamwambia mwenzake haraka, Ikumbukwe anakuja, unajua nani anakuja. Mpishi wa kantini naye, nasikia, alijisahau siku moja akimpakulia.

Wiki iliyofuata alikuja ofisini kwangu. Alibisha hodi, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Akaniomba niiondoe aya kwenye Kioo. Nikamwambia utaratibu hauruhusu, na yeye ndiye aliyeutia saini. Akakaa bila kukaribishwa. Shati lilikuwa limejikunja kidogo kwenye kola.

Akasema aya ile ilipita mikononi mwa wahariri, hakuna aliyemwambia kitu. Akasema ameisoma tena na tena nyumbani, anaona kweli ina tatizo, lakini hajui tatizo liko wapi hasa.

"Nionyeshe," akasema.

Nilikuwa nafuta miwani. Siku hizi nami navaa. Sikuinua kichwa.

"Kajifunze mwenyewe, Daktari. Mimi si yaya."

Akaondoka akaufunga mlango polepole. Nilikaa pale nikaisikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu. Msinidanganye kwamba kisasi ni kichungu. Kilikuwa kitamu, nilikila chote, na nililamba sahani.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini Mkia hakuiacha.

Ilikuwa miezi baadaye, jioni, mimi naosha vyombo, yeye yuko mezani na simu. Alikuwa mmoja wa wapimaji wazuri wa Kioo sasa. Aya za watu wasio na majina zilimfikia, anazipima, anaeleza. Akasema hii ya leo inahusu elimu, akaanza kunisomea. "Walimu wanalaumiwa kwa matokeo ya madarasa ambayo hawakuyapanga. Katika shule tatu nilizotembelea, mwalimu alijua mkondo wake una watoto wangapi siku ya kwanza ya muhula, alipofungua mlango."

Mikono ikasimama ndani ya maji. Sikuhitaji kubonyeza Fichua. Ni suala lile lile mtambuka, limevuliwa nguo zote. Hakuna ikumbukwe. Hakuna wadau. Ameenda kwenye shule, yule mtu, na shati lake, akaangalia mlango ukifunguliwa. Na ili aya imfikie Mkia, ilikuwa lazima aingie kama mwanafunzi yeyote, ajibu maswali yote, ajirekodi, ajisikilize.

"Niipe ngapi, shangazi?" Mkia akauliza.

"Mpe moja," nikasema.

"Moja? Kwa sentensi ipi?"

"Wewe mpe tu."

"Kioo hakikubali hivyo, na wewe ndiye uliyekitengeneza." Akasogeza kiti cha pili na mguu. "Njoo basi unionyeshe."

Nikakausha mikono. Nilichukua muda kuikausha. Nikakaa, nikachukua simu, nikapita na kidole sentensi moja moja, natafuta njano, na nilikuwa naitafuta kwa moyo wangu wote. Nikakuta bluu. Nikakuta nyekundu. Sentensi ya mwisho ilikuwa dhaifu, ilikuwa inarudia ya kwanza, nikashukuru Mungu kuiona, nikaigusa. Nikarudi juu nikaanza upya, Mkia ananingoja kidole kiko tayari.

Ilikuwa tatu. Nilitafuta kila mahali pa kuishusha, sikupata.